Waliokaa Langoni

Wengi wetu tumelisikia hubiri hili, na baadhi yetu tumelihubiri. Mhubiri anafika Mathayo 19, pale Bwana Yesu anaposema juu ya tajiri, ngamia na tundu la sindano. Anawatazama waumini waliokaa viti vya mbele, anatabasamu, kisha anaeleza kwamba Yerusalemu ya kale ilikuwa na lango kubwa, na kando yake kijilango kilichoitwa Tundu la Sindano. Jua lilipozama lango kubwa lilifungwa. Msafiri aliyechelewa alipitia kijilango kile, na ngamia wake alipita tu kama ameshushwa mizigo na kupiga magoti. Basi, anasema mhubiri, tajiri naye anaweza kuingia, mradi apige magoti. Kanisa linaitikia Amina, na waliokuwa wameanza kuingiwa na wasiwasi wanapumua.

Sisi tunaoandika makala haya ni wazee wa kanisa wachache tunaokutana kila Jumatano jioni kusoma Neno pamoja. Kipindi fulani tuliamua kufuata neno moja tu, lango, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Tulianza kwa udadisi wa kutaka kujua miji ya Biblia ilivyokuwa. Tulimaliza tukiwa na jambo la kuungama. Hapa tunataka kuyapima mahubiri yetu juu ya malango, ya kwetu kwanza kabla ya ya wengine, kwa sababu tumeona kwamba mahali ambapo Biblia inaweka haki ya mnyonge, sisi tumepageuza kuwa mahali pa faraja ya mwenye nacho.

Kijilango ambacho hakikuwapo

Tuanze na Tundu la Sindano. Lango la jina hilo halitajwi popote katika Biblia. Nehemia sura ya 3 inataja malango ya Yerusalemu moja baada ya jingine, pamoja na watu walioyajenga upya: Lango la Kondoo, Lango la Samaki, Lango la Bonde, Lango la Chemchemi, Lango la Maji, Lango la Farasi. Hata lango la kutolea takataka, Lango la Jaa, limeandikwa. La sindano halimo. Maelezo ya kijilango kile yanaonekana katika maandishi ya walimu wa kanisa wa Ulaya, zaidi ya miaka 1000 baada ya Bwana kusema maneno yake. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliyaweka ndani ya mkusanyo wake wa maelezo ya Injili nne, na tangu hapo yamesafiri kutoka mimbari hadi mimbari mpaka yakatufikia.

Injili zenyewe zinayakataa. Mathayo na Marko wanatumia neno moja la Kigiriki kwa sindano, na Luka anatumia jingine. Kama lingekuwa jina la mahali, Luka asingelibadilisha, kama vile hakuna anayeweza kuibadilisha Bethlehemu akaiita kwa jina jingine lenye maana ileile. Tena Wayahudi walikuwa na msemo wa namna hiyo: katika Talmudi ya Babeli mnyama anayetajwa kwenye tundu la sindano ni tembo, na maana yake ni jambo lisilowezekana kabisa. Zaidi ya yote, wanafunzi waliposikia walishangaa mno, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Mtu hashangai hivyo kwa habari ya ngamia kupiga magoti. Na Bwana hakuwatuliza kwa kusema ni vigumu kidogo. Alisema kwa wanadamu haiwezekani, ila kwa Mungu yote yanawezekana.

Basi kijilango kile tumekijenga sisi. Tumekijenga ili tajiri apite kwa nguvu ya magoti yake, wakati Bwana alisema hapiti kwa nguvu yake yoyote. Neema yenyewe imepotea hapo. Kosa hili lilitufanya tujiulize: ikiwa tumeongeza lango ambalo Biblia haina, yale ambayo Biblia inayo tumeyafanyia nini?

Lango la mji lilikuwa nini

Tunaposikia neno lango, wengi wetu tunaona geti la bati lenye komeo na mlinzi. Lango la mji wa Israeli lilikuwa jengo. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyafukua malango ya Hazori, Megido na Gezeri, miji mitatu inayotajwa pamoja katika 1 Wafalme 9:15, na wanaendelea kubishana juu ya miaka ya kujengwa kwake. Umbo lake linaonekana wazi: njia inapita katikati, na kila upande wa njia pana vyumba vitatu. Mbele paliwekwa milango mizito ya mbao na mapingo, kama ile aliyoing'oa Samsoni kule Gaza pamoja na miimo yake akaibeba begani. Gezeri, ndani ya vyumba hivyo, yamekutwa mabenchi yaliyojengwa kando ya kuta. Dani, karibu na lango, lipo benchi refu la mawe, na kando yake jukwaa dogo lenye misingi ya nguzo iliyochongwa kwa nakshi. Wengi wanaona kuwa hapo palikuwa na kiti chenye paa la kivuli, cha mfalme au cha mwamuzi. Lakishi, mji ulioangamizwa na Senakeribu mfalme wa Ashuru mwaka 701 kabla ya Kristo, lango lake lilifukuliwa lote mwaka 2016, nalo lina mabenchi.

Mabenchi hayo yalitusimamisha. Lango la kuzuia adui linahitaji milango, mapingo na mnara. Linahitaji mabenchi ya nini? Jibu ni kwamba watu walikaa pale. Mitaa ya miji ile ilikuwa myembamba na nyumba zimebanana. Mahali penye nafasi palikuwa langoni na uwanja wake. Kila aliyekwenda shambani asubuhi alipita hapo, na kila aliyerudi jioni alipita hapo. Kwa hiyo wazee wa mji walikaa hapo, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwakwepa watu.

Ukiisoma Biblia ukiwa na mabenchi hayo machoni, mambo mengi yanajipanga. Lutu alikuwa ameketi katika lango la Sodoma malaika walipofika. Nabii Elisha alipotangaza kwamba njaa ya Samaria itakwisha, alitaja bei ya unga na ya shayiri langoni, maana ndiko kulikokuwa na soko. Wakoma wanne wa habari hiyohiyo walikuwa wamekaa penye lango, wasiweze kuingia. Daudi alipomlilia Absalomu hata watu wakaona haya kuingia mjini, Yoabu alimtoa nje, naye akaketi langoni, watu wote wakaja mbele yake. Ezra aliisoma torati katika uwanja uliokuwa mbele ya Lango la Maji. Na kule Lakishi, mwaka 1935, katika chumba kimoja cha lango la wakati wa Yeremia, ziliokotwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vigae, za askari waliokuwa wakingoja ishara za moto wakati Wababeli wanakuja. Hata habari za vita zilifikia langoni.

Juu ya yote hayo, lango lilikuwa mahakama. Torati inaagiza waamuzi wawekwe katika malango yote, yaani katika kila mji, nao wasipokee rushwa wala kupendelea uso wa mtu (Kumbukumbu la Torati 16:18-19). Aliyeua bila kukusudia na kukimbilia mji wa makimbilio alisimama kwanza penye lango akaeleza kisa chake masikioni mwa wazee, na wao wakampa mahali pa kukaa. Ayubu anapokumbuka siku zake njema anaanza na kiti chake langoni, kisha anaeleza alichokifanya akiwa kwenye kiti hicho: alimwokoa maskini aliyelia na yatima asiye na msaidizi, akaufanya moyo wa mjane uimbe. Hasemi habari ya heshima peke yake. Heshima ile ilikuwa na kazi.

Boazi alikwenda wapi?

Kitabu cha Ruthu ndicho kilichotuonyesha wazi zaidi jinsi tunavyoruka lango. Katika makongamano yetu ya akina mama na ya vijana, Ruthu huhubiriwa sana. Tumesikia dada zetu wakiombewa wampate Boazi wao. Mahubiri hayo hukaa sura ya 2, shambani, na sura ya 3, kwenye uwanja wa kupuria. Yakifika sura ya 4 huwa yamekwisha, au yanarukia moja kwa moja kwenye harusi na mtoto.

Lakini sura ya 4 inaanza langoni, na bila lango hakuna harusi. Boazi anakwea mpaka langoni, anaketi. Yule ndugu wa karibu zaidi, mwenye haki ya kwanza ya kukomboa, anapita. Boazi anamwita aketi. Kisha anawaita wazee kumi wa mji nao wanaketi. Sasa Boazi anaanza na shamba: Naomi anauza sehemu ya ardhi iliyokuwa ya Elimeleki. Je, utaikomboa? Ndugu yule anajibu mara moja kwamba ataikomboa. Ardhi anaitaka. Ndipo Boazi anaongeza kwamba siku ile atakapoipata ardhi, yuko pia Ruthu Mmoabi, mjane wa marehemu, ili jina la marehemu lisipotee katika urithi wake. Hapo ndugu yule anarudi nyuma. Anaogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu, anampa Boazi, na wazee pamoja na watu wote waliokuwa langoni wanasema wao ni mashahidi.

Hebu tufikiri mambo haya yangefanyika faraghani. Ndugu yule angekwenda nyumbani kwa Naomi jioni, akamwambia mama mkongwe kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kwanza, akaichukua ardhi, na habari ya Ruthu isitajwe. Naomi angemwambia nani? Ni mjane, amerudi kutoka Moabu mikono mitupu, na mkwe wake ni mgeni. Kilichowaokoa wanawake wale wawili ni wema wa Boazi, kweli, lakini ni wema uliotembea mpaka langoni na kuketi mbele ya mashahidi kumi. Mtu mwenye tamaa ya ardhi alilazimika kutaja mbele ya watu anachokitaka na asichokitaka. Mwandishi wa kitabu hata hakulihifadhi jina lake. Yule aliyeogopa kuuharibu urithi wake ameitwa fulani tu hadi leo.

Basi tukimwombea dada yetu Boazi, tunaomba mume mwenye shamba, na tunasahau kuomba mji wenye lango. Ruthu alihitaji vyote viwili.

Malango ya adui

Kuna mahubiri mengine, hasa katika mikesha, ambayo hushika Mwanzo 22:17, ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu kwamba uzao wake utamiliki lango la adui zake. Tunaambiwa tutaje malango ya adui zetu na kuyamiliki: lango la kazi, lango la ndoa, lango la fedha. Mara nyingi adui mwenyewe huwa ana jina. Ni jirani, ni shangazi, ni mfanyakazi mwenzetu.

Hatuna ugomvi na wanaoomba usiku, maana sisi pia tunakesha. Ni kweli pia kwamba maneno yale yanazungumzia ushindi, kwa kuwa aliyelishika lango la mji aliushika mji. Tatizo letu ni mahali tunapoishia kusoma. Mstari wa 18 unasema kwamba katika uzao huohuo mataifa yote ya dunia watabarikiwa. Ahadi ya lango imefungamanishwa na baraka ya wengine, nasi tunakata kamba katikati.

Tena mbele kidogo, sura ya 23, Ibrahimu anafika langoni kweli. Ni lango la mji wa Wahiti, na Sara amekufa. Huyu ndiye mtu aliyeahidiwa malango. Afanyaje? Anainama mbele ya watu wa nchi. Anaomba auziwe pango la Makpela apate kumzika mkewe. Efroni anasema kwa adabu ya sokoni kwamba atampa bure, kisha analitaja shamba kuwa la shekeli 400 za fedha. Ibrahimu hasemi kwamba Mungu amekwisha kumpa nchi yote. Anapima fedha, shekeli 400, masikioni mwa wote walioingia katika lango la mji, na shamba, pango na miti iliyomo vinathibitishwa kuwa mali yake mbele yao. Hivyo ndivyo mtu wa ahadi alivyoingia langoni mara ya kwanza baada ya kupewa ahadi: kwa kuinama, kwa bei kamili na kwa mashahidi. Hilo hatujawahi kulisikia katika mkesha, wala sisi hatujawahi kulisema.

Langoni pakiharibika

Ingekuwa rahisi sasa tuseme kwamba zamani mambo yalikuwa mema langoni, na leo yameharibika. Biblia haituruhusu. Langoni ndipo mwana mkaidi alipopelekwa na wazazi wake kupigwa mawe. Nabothi alihukumiwa mbele ya watu, kukiwa na wazee na mashahidi wawili, na wote walijua ni uongo. Uwazi peke yake haukumwokoa, kwa sababu waliokaa vitini walikuwa wameogopa barua ya Yezebeli.

Hii ndiyo sababu manabii wanalilia lango. Amosi sura ya 5 inataja langoni mara tatu. Katika mstari wa 10 watu wanamchukia anayekemea langoni. Katika mstari wa 12 wanapokea rushwa na kuwageuza wahitaji langoni wasipate haki yao. Katika mstari wa 15 wanaagizwa kuithibitisha hukumu langoni, huenda Bwana akawafadhili. Ndipo, mistari michache baadaye, Mungu anasema anazichukia sikukuu zao na hatasikiliza nyimbo zao. Tumezoea kuhubiri maneno hayo ya mwisho kama onyo juu ya ibada baridi. Ukisoma sura nzima, ibada yao haikuwa baridi hata kidogo. Vinanda vilipigwa na sadaka zilitolewa. Kasoro ilikuwa langoni.

Vivyo hivyo na fungu la kumi. Malaki 3:10 tunaijua kwa moyo. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 hatuijui: kila mwaka wa tatu fungu la kumi liliwekwa ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mungu mmoja aliagiza yote mawili, ghalani na malangoni.

Tukamwona na Absalomu, katika 2 Samweli 15. Aliamka asubuhi na mapema, akasimama kando ya njia ya lango. Kila mwenye shauri aliyekuja kwa mfalme alimwita, akamwuliza mji wake, akamwambia kwamba maneno yake ni mema na ya haki ila hakuna aliyewekwa na mfalme kumsikiliza. Akawashika mkono, akawabusu, akaiiba mioyo yao. Mahubiri humlaumu Absalomu kwa hila, na anastahili. Lakini hila ile ilipata nafasi wapi? Maneno yake yalikuwa na mahali pa kushika: watu walikuja na mashauri yao na wakaamini kwamba hawana wa kuwasikia. Kiti cha haki kikiwa kitupu langoni, yuko atakayesimama pale kwa ajili yake mwenyewe.

Lango letu

Sasa tuseme jambo tulilotaja mwanzoni kwamba ni la kuungama.

Mwaka tulipokuwa tukichanga fedha za uzio na geti la kanisa, alikuja kwetu mama mjane wa usharika wetu. Marehemu mumewe aliacha shamba, na shemeji zake walikuwa wanaligawana. Hakutaka fedha. Alitaka wazee wa kanisa, tuliomjua mumewe na tuliokuwapo shamba liliponunuliwa, tukae na ndugu wale mbele ya watu na kusema tunachokijua. Tulimpokea ofisini. Mlango ulifungwa. Tulimsikiliza kwa upole, tukamsomea Neno, tukamshauri asamehe na kumwachia Mungu, tukamwombea. Hakuna aliyesema jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua, kwamba mmoja wa shemeji wale ndiye aliyeahidi mchango mkubwa kuliko wote wa geti.

Geti lilikamilika. Ni zuri, limepakwa rangi ya samawati, na juu yake pameandikwa kwamba wote wanakaribishwa. Yule mama aliacha kuja ibadani, nasi tulisema amerudi nyuma kiimani.

Tulipofika Amosi 5 Jumatano moja, mzee aliyekuwa akisoma alinyamaza kabla ya kumaliza mstari wa 12. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Juma lililofuata tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwomba radhi, na baadaye wawili wetu walisimama katika baraza la ardhi wakatoa ushahidi. Tulichelewa. Sehemu ya shamba ilikuwa imekwisha kuuzwa, na shauri halijaisha hadi tunapoandika haya. Mchangiaji wetu amehamia kanisa jingine. Hatuandiki haya ili tusifiwe kwa kwenda. Tunayaandika kwa sababu tuliwahi kutokwenda, na tulikuwa na mistari ya kutosha ya kututetea.

Tukajiuliza kanisa la leo lina lango gani, kwa maana ile ya mabenchi. Mahakama na mabaraza ya nchi yapo, na si kazi ya wazee wa kanisa kuamua mashauri ya ardhi. Ila kuna mambo ambayo ni yetu. Ni yetu kusema kweli mbele ya watu tunapokuwa mashahidi. Ni yetu kutomfungia mlango mnyonge ili kumlinda mwenye nguvu, hata tukiuita mlango huo faragha au amani ya kanisa. Zipo habari zinazostahili siri, kama aibu ya mtu aliyetubu au ugonjwa wa mtu. Dhuluma haimo katika siri hizo. Na ni yetu kuwa na mahali na siku ambayo mjane, kibarua asiyelipwa ujira wake, au mgeni anajua kwamba atawakuta wazee wameketi na hawana haraka. Katika usharika wetu sasa ni Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe, karibu na geti lilelile, mahali ambapo kila apitaye anaona. Tuliweka benchi.

Nje ya lango

Limebaki jambo moja, na ndilo lililotufanya tusikate tamaa na sisi wenyewe. Katika Agano Jipya, Biblia yetu ya Union mara nyingi hutumia neno mlango hata pale ambapo Kigiriki kina neno la lango, kwa hiyo uhusiano unatuponyoka. Lazaro wa Luka 16 aliwekwa penye lango la yule tajiri, akiwa na vidonda. Tajiri alipita pale kila siku, kama watu wa Bethlehemu walivyopita kwao. Lango lilikuwapo na mwenye kilio alikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuketi naye. Na milango ya kuzimu ya Mathayo 16 ni malango, ngome ya mauti na mamlaka yake. Bwana anaahidi kwamba hayo hayatalishinda kanisa. Kanisa ambalo mauti yenyewe haitaliweza lina sababu gani ya kumwogopa mchangiaji?

Waraka kwa Waebrania 13:12-13 unatukumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango. Alihukumiwa na wenye viti, kwa mashahidi wa uongo kama Nabothi, akatolewa nje ya mji. Tunaitwa kumwendea huko tukichukua shutumu lake. Kwa hiyo anayegeuzwa langoni hakosi mwenzake, kwa maana Bwana yuko upande wa nje pamoja naye. Sisi tuliofunga mlango wa ofisi siku ile tulimfungia nani?

Mwisho wa Biblia kuna mji wenye malango kumi na mawili, nayo hayafungwi kamwe mchana, na usiku hautakuwapo. Hapo hapahitajiki kijilango cha pembeni cha mtu aliyechelewa. Tajiri ataingia kwa neema ile isiyowezekana kwa wanadamu, na mjane ataingia kwa neema hiyohiyo. Kabla ya siku hiyo, Bwana atusaidie tuketi mahali petu, atupe ulimi wa kusema kweli mbele ya watu, na amrudishie mama yule kilicho chake. Amina.